Usomaji wa Dhoruba za Kale katika Miamba Mashapo ya Tendaguru: Uhakiki wa Ushahidi na Istilahi

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna wanajiolojia wanavyosoma alama za dhoruba za kale katika miamba mashapo iliyojengeka katika bahari ya kina kifupi. Matini ya msingi ni miamba ya Tendaguru, mkoani Lindi, ambayo sehemu yake kubwa ina umri unaokaribia miaka milioni 150, pamoja na makala ya Robert Bussert na Martin Aberhan (2004) inayodai kwamba baadhi ya matabaka ya hapo yaliwekwa na dhoruba na mengine na tsunami. Kwa kuongozwa na dhana ya kiashiria katika semiotiki ya Charles Sanders Peirce, makala inajenga hoja tatu. Kwanza, alama moja haitoshi kuthibitisha dhoruba; kinachothibitisha ni mfuatano wa alama. Pili, mpaka kati ya dhoruba na tsunami ni mwembamba kuliko vichwa vya makala vinavyoonesha, na msomaji ana haki ya kuuona wembamba huo. Tatu, maneno ya Kiswahili yaliyo karibu nasi, yaani tufani, gharika na kimbunga, hubeba maana za ziada zinazoweza kutoa hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa. Mwisho, makala inapendekeza seti ndogo ya istilahi.

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa makala hii amelelewa Kibaigwa, wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Kibaigwa hujulikana kwa soko lake la mahindi. Miamba ya eneo hilo ni ya kale mno, iliyopikwa kwa joto na mgandamizo chini ya ardhi kabla dinosaria wa kwanza hajazaliwa, na wakati mawimbi yalipokuwa yakipiga pwani ya Tendaguru, uwanda wa kati ulikuwa bara kama ulivyo leo. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza, na katika jopo moja la kupitia mapendekezo ya utafiti mtafiti aliulizwa, mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Kibaigwa anatafuta nini katika mawe ya bahari ya Lindi?

Jibu la kwanza ni la mkabala. Mwamba mashapo husomwa. Una mwanzo na mwisho, una mfuatano, una mapengo, na wasomaji wake hutofautiana kuhusu maana yake. Mahali palipo na usomaji pana nafasi ya uhakiki. Jibu la pili ni la lugha. Mtoto wa Kitanzania hujifunza kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha huingia sekondari na kukutana na sayansi hiyohiyo kwa Kiingereza. Neno mashapo alilolijua linaachwa mlangoni. Ikiwa Kiswahili kitaishia kutaja vitu bila kuweza kupima ushahidi wa vitu hivyo, basi lugha hii itakuwa na orodha ya istilahi pasipo kuwa na hoja za sayansi.

Jibu la tatu linatoka sokoni kwenyewe. Kila msimu wa mavuno, mahindi hupepetwa na kuchekechwa Kibaigwa. Wanaofanya kazi hiyo wanajua kwamba upepo na chekeche havifanyi kazi moja. Chekeche hutenganisha kwa ukubwa: kilicho kidogo hupita, kilicho kikubwa hubaki. Upepo hutenganisha kwa uzito: makapi huruka, punje huanguka miguuni. Mtu akionyeshwa rundo la punje safi, anaweza kukisia ni njia ipi iliyotumika kwa kutazama kilichobaki na kilichokosekana. Mwanajiolojia anayesimama mbele ya tabaka la makombe ya kale hufanya kazi ya namna hiyohiyo. Anatazama kilichobaki, anauliza kilichoondolewa, kisha anamtafuta aliyeondoa.

2.0 Mkabala wa kinadharia

Peirce aligawa ishara katika makundi matatu. Ikoni huwakilisha kwa kufanana na kitu chake, kama picha inavyofanana na mtu. Ishara ya mazoea huwakilisha kwa makubaliano ya jamii, kama maneno mengi ya lugha. Kiashiria huwakilisha kwa sababu kimeguswa au kusababishwa na kitu chenyewe: moshi kwa moto, unyayo kwa mguu. Alama za dhoruba katika mwamba ni viashiria. Hakuna aliyeziandika ili zisomwe. Zimebaki kwa sababu maji yalipita.

Kiswahili kina methali inayofundisha jambo hili: dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii hutoka kwenye kiashiria kwenda kwenye jambo lijalo. Jiolojia hutoka kwenye kiashiria kurudi kwenye jambo lililopita, lakini tahadhari ni moja. Mkulima wa Kongwa anajua vizuri kwamba mawingu ya Desemba hayaleti mvua kila mara. Vilevile, alama ambayo dhoruba huiacha inaweza pia kuachwa na kitu kingine. Swali la mhakiki basi halihusu tu iwapo kiashiria kipo. Anauliza pia ni visababishi vingapi vingeweza kukitoa, na msomaji amepewa nini ili achague kimojawapo.

Makala hii haikupima miamba. Inahakiki usomaji wa miamba: jinsi hoja inavyojengwa, inapokaza na inapolegea, na jinsi inavyoweza kusemwa kwa Kiswahili bila kupotoshwa.

3.0 Matini: miamba ya Tendaguru

Tendaguru ni kilima kilichoko kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Mwaka 1906, Bernhard Wilhelm Sattler, mhandisi wa madini Mjerumani, alitoa habari za mifupa mikubwa iliyoonekana hapo. Mwaka 1907, Eberhard Fraas alifika kuitazama. Kati ya mwaka 1909 na 1913, msafara wa Makumbusho ya Berlin, ukiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig, kisha na Hans Reck, ulichimba na kusafirisha zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake. Mifupa hiyo ilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Jina lake limehifadhiwa katika jina la dinosaria, Australodocus bohetii, lililotolewa mwaka 2007, takriban karne moja baada ya kazi yake.

Jambo hili la historia lina uzito katika uhakiki. Waliougusa mwamba huo kwanza, wakajua tabaka lipi ni gumu, lipi ni jororo na lipi lina mifupa, walizungumza Kiswahili na lugha za kusini. Maarifa yao ya mikono yaliingia katika vitabu kwa Kijerumani na baadaye kwa Kiingereza. Kuandika leo kuhusu Tendaguru kwa Kiswahili ni kuirudisha mada katika lugha iliyokuwapo shimoni siku ya kwanza.

Umaarufu wa Tendaguru umetokana na dinosaria, hasa Giraffatitan, ambaye mifupa yake iliyounganishwa imesimama Berlin kwa urefu wa zaidi ya mita 13. Umaarufu huo umefunika jambo moja: sehemu kubwa ya mwamba huo ni habari za bahari. Mwaka 2009, Bussert, Wolf-Dieter Heinrich na Aberhan waliugawa rasmi katika sehemu sita. Tatu zimepewa majina ya dinosaria: ya chini, ya kati na ya juu. Tatu nyingine, zinazopishana na hizo, zimepewa majina ya viumbe wa baharini: Nerinella, ambaye ni konokono, pamoja na Indotrigonia na Rutitrigonia, ambao ni jamii ya kombe. Mpangilio huo peke yake ni masimulizi ya pwani iliyosogea. Bahari iliingia, ikarudi nyuma, ikaingia tena. Dhoruba zinazotafutwa ziko hasa katika sehemu hizo za bahari na katika mipaka yake.

4.0 Sarufi ya dhoruba

Ili kuelewa dhoruba inavyoandika, ni lazima kwanza kuelewa wimbi linafika wapi. Wimbi la upepo huyumbisha maji hadi kina kinachokaribia nusu ya urefu wake, yaani nusu ya umbali kutoka kilele hadi kilele. Wimbi la siku tulivu linalopita kila baada ya sekunde 5 lina urefu wa mita 39 hivi katika maji ya kina. Mwendo wake hukoma karibu na mita 20 chini ya uso. Wimbi la dhoruba linalopita kila baada ya sekunde 10 lina urefu wa mita 156 hivi. Mwendo wake unaweza kuhisiwa karibu na mita 78. Kati ya vina hivyo viwili kuna ukanda wa sakafu ya bahari ambao haujui mawimbi ila siku za dhoruba. Humo matope hutua kwa utulivu mwaka hadi mwaka, na viumbe wachimbao huyachimba na kuyageuza. Siku dhoruba inapofika, ukanda huo hupata habari mpya kwa saa chache, halafu hurudi katika ukimya wake.

Kwa hiyo dhoruba moja huacha mfuatano unaoweza kulinganishwa na sentensi. Chini kabisa kuna mkwaruzo: maji yenye nguvu yamekata uso wa tope la zamani na kuacha mpaka mkali. Juu ya mkwaruzo kuna makombe na kokoto, vitu vizito ambavyo maji yalishindwa kuviinua wakati tope jepesi likichukuliwa. Hapa ndipo mpepetaji wa Kibaigwa angetambua kazi yake: makapi yameruka, punje zimebaki. Juu ya makombe kuna mchanga laini wenye mistari ya sambamba, kisha mchanga wenye mistari inayopinda kwa ulaini, ikipanda na kushuka kama vichuguu vidogo vilivyofunikwa na shuka moja baada ya nyingine. Juu yake kuna viwimbi vidogo vyenye pande mbili zinazolingana, alama ya maji yaliyokuwa yakienda na kurudi kwa nguvu inayopungua. Mwisho kuna tope, na ndani ya tope matundu ya viumbe waliorejea baada ya shari kupita.

Mistari ile ya vichuguu ndiyo alama ambayo wanajiolojia wengi huitegemea zaidi. Tangu ilipopewa jina mwaka 1975, imechukuliwa kuwa kazi ya mawimbi yanayoyumbisha maji mbele na nyuma pamoja na mkondo, katika kina ambacho mawimbi ya kila siku hayafiki kuifuta. Lakini tukiichukua peke yake, tunarudi kwenye mawingu ya Desemba. Mistari inayofanana nayo imeelezwa katika mazingira mengine pia. Nguvu ya hoja ya dhoruba haiko katika vichuguu pekee, bali katika nafasi yake ndani ya mfuatano: juu ya mkwaruzo na makombe, chini ya viwimbi, na vyote vikiwa vimezungukwa na tope la bahari tulivu. Kama ambavyo mofimu haipati maana kamili nje ya neno, ndivyo alama moja isivyopata maana kamili nje ya tabaka lake.

Hapa mhakiki anaweza kutoa kigezo cha kwanza. Andiko lolote linalodai dhoruba linapaswa kumwonesha msomaji mfuatano. Likitaja alama moja tu na kuruka hadi kwenye hitimisho, limetumia kiashiria kana kwamba ni ishara ya makubaliano. Limedai kwamba vichuguu vina maana ya dhoruba kwa sababu wataalamu wamekubaliana hivyo. Makubaliano ya wataalamu yana thamani, lakini hayawezi kuchukua nafasi ya mwamba wenyewe.

5.0 Dhoruba au tsunami?

Kichwa cha makala ya Bussert na Aberhan (2004) kinaweka dhoruba na tsunami bega kwa bega. Huo ni ujasiri, na ndio unaoifanya kazi yao istahili kuhakikiwa. Wangeweza kuishia kwenye dhoruba, ambayo ni dai la kawaida katika miamba ya bahari ya kina kifupi duniani kote. Kwa kuongeza tsunami, wamechukua mzigo wa kuthibitisha wa pili, ulio mzito zaidi.

Tofauti ya kimsingi iko katika muda. Wimbi la dhoruba hupita kwa sekunde. Wimbi la tsunami huchukua dakika, pengine makumi ya dakika, na huyasogeza maji yote kuanzia juu hadi sakafuni. Kutokana na hilo hutarajiwa tofauti katika mashapo. Dhoruba, yenye maelfu ya mawimbi, huelekea kuacha mistari mingi myembamba. Tsunami, yenye mawimbi machache, huelekea kuacha matabaka machache, kila moja likiwa kazi ya maji kuingia au kutoka. Tsunami hutarajiwa kubeba mawe makubwa zaidi na kuchanganya vitu vya bara na vya bahari, kwani huingia nchi kavu kwa mbali kisha hurudi na kilichokuwa huko.

Neno linalorudiwa katika aya iliyotangulia ni hutarajiwa, na halikuwekwa kwa kupamba. Kila kimoja kati ya vigezo hivyo kina mwingilio. Dhoruba kubwa nayo hubeba mawe. Mto uliofurika katika dhoruba hiyohiyo huleta vitu vya bara baharini bila msaada wa tsunami. Pwani ya Tendaguru, ambako bahari na nchi kavu zilipishana mara kwa mara, ilikuwa mahali ambapo vitu vya bara na bahari vingekutana hata katika siku za kawaida. Kwa hiyo hoja ya tsunami mara nyingi ni hoja ya kuondoa: dhoruba haiwezi kufanya hili, mto hauwezi, mkondo hauwezi, basi ni tsunami. Hoja ya kuondoa ina nguvu sawa na orodha ya walioondolewa. Msomaji anapaswa kuoneshwa orodha nzima, pamoja na kipimo kilichotumika kumwondoa kila mmoja.

Mfano wa pili kutoka pwani yetu unaonesha kwa nini jambo hili si la darasani tu. Mwaka 2020, Vittorio Maselli na wenzake walichapisha matokeo kutoka Pangani, ambako tabaka la mchanga lenye mifupa ya watu limesomwa kuwa la tsunami iliyopiga takriban miaka 1,000 iliyopita. Kichwa cha makala yao kinasema waziwazi kwamba hatari kwa Afrika Mashariki ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Katika usomaji huo, nguvu ya hoja imejengwa kwa ulinganisho: tabaka la Pangani limewekwa pamoja na mashapo ya umri unaokaribiana kutoka pwani nyingine za Bahari ya Hindi. Dhoruba moja haiwezi kuzipiga pwani zote hizo, tsunami inaweza. Huu ni ushahidi wa aina tofauti na ule wa chembechembe na mistari, kwa kuwa unatoka nje ya tabaka lenyewe.

Miamba ya Tendaguru haina faida hiyo kwa urahisi. Katika umri wa miaka milioni 150, haiwezekani kwa vipimo vya umri tulivyonavyo kuthibitisha kwamba tabaka la Lindi na tabaka la pwani nyingine yaliwekwa siku moja, wala hata katika karne moja. Kwa hiyo dai la tsunami ya Jurasiki linapaswa kusimama kwa ushahidi wa ndani peke yake. Maoni ya makala hii ni kwamba dai la dhoruba huko Tendaguru lina msingi imara kuliko dai la tsunami. Sababu si kwamba tsunami haikutokea. Dhoruba ina sarufi inayosomeka ndani ya tabaka, ilhali tsunami hutegemea zaidi ulinganisho ambao umri wa mwamba hauruhusu. Madai hayo mawili hayastahili kubebwa na kiwango kimoja cha uhakika, hata kama yanakaa katika kichwa kimoja.

6.0 Ukimya wa tabaka na kishawishi cha mifupa

Mhakiki wa fasihi hufundishwa kusoma pia kisichosemwa. Katika mwamba, ukimya una sababu zake. Dhoruba ndogo huandika tabaka jembamba, na viumbe wachimbao hulivuruga kabla halijazikwa. Dhoruba kubwa hukwaruza na kuondoa kazi ya dhoruba zilizotangulia. Matokeo yake ni kwamba mwamba huhifadhi matukio makubwa, au yale yaliyobahatika kuzikwa haraka. Atakayehesabu matabaka ya dhoruba katika Tendaguru na kuyagawa kwa miaka ili apate idadi ya dhoruba kwa karne, atakuwa amehesabu zilizonusurika na kudhani amehesabu zilizotokea.

Kishawishi cha pili ni kikubwa zaidi, kwani kina mvuto wa hadithi. Huku kuna dhoruba, huku kuna mifupa ya majitu; mtu anataka kuunganisha. Lakini alama za dhoruba ziko hasa katika matabaka ya bahari, na mifupa mingi iko katika matabaka ya nyanda za pwani. Wasomaji wa mifupa hiyo wametoa maelezo mengine. Janensch alizingatia miguu iliyokutwa imesimama wima katika udongo, dalili ya mnyama aliyekwama katika tope. Dale Russell na wenzake (1980) walielekea kwenye ukame. Kwa msomaji wa Kongwa, maelezo ya ukame hayahitaji kufafanuliwa sana: kisima kikikauka, mifugo hufia palepale palipokuwa na maji. Kilicho muhimu ni kwamba kisababishi kilichothibitishwa katika tabaka moja hakiwezi kuazimwa na tabaka la jirani bila ushahidi wa tabaka hilo la jirani.

7.0 Tatizo la istilahi

Tukiamua kuyasema haya kwa Kiswahili, neno lipi litumike? Hapa uhakiki unageuka kuitazama lugha yetu wenyewe.

Neno tufani limetoka Kiarabu, ambako lina uhusiano wa moja kwa moja na habari za Nabii Nuhu. Neno gharika lina asili ya Kiarabu pia, lenye maana ya kuzama, na kwa Waislamu na Wakristo wengi wa Afrika Mashariki humleta Nuhu mara moja akilini. Mwandishi akisema gharika ya Tendaguru, msomaji atapata picha ya maji yaliyofunika dunia mara moja kwa sababu maalumu. Mwamba unasema kinyume: matukio mengi, ya mahali pamoja, yaliyotenganishwa na vipindi virefu vya utulivu. Neno limetoa hukumu ambayo ushahidi haujaitoa.

Neno kimbunga lina tatizo la aina nyingine. Katika matumizi ya sasa, yakiwemo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kimbunga ni dhoruba izungukayo ya bahari za joto. Pwani yetu inavikumbuka kwa tarehe. Aprili 15, 1872, kimbunga kilipiga Unguja, kikavunja vyombo bandarini na kuangusha mikarafuu. Aprili 15, 1952, kingine kilipiga Lindi. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Kwa kuwa Tendaguru iko Lindi, ni rahisi kuona kimbunga cha 1952 na kudhani cha Jurasiki kilikuwa mfano wake. Lakini mabara yamehama. Katika kipindi cha mwisho cha Jurasiki, eneo hilo lilikuwa kusini zaidi, baina ya nyuzi 30 na 40 kusini mwa ikweta kwa makadirio ya kawaida. Katika latitudo hizo, dhoruba nyingi za leo ni za baridi, zinazotokana na mgongano wa hewa baridi na hewa joto. Alama za vichuguu hazitofautishi kati ya aina hizo mbili. Kusema kimbunga ni kudai tusichokuwa nacho.

Linabaki neno dhoruba. Halina Nuhu, halidai mzunguko wala joto la bahari. Linasema upepo mkali na maji yaliyochafuka, na hicho ndicho mwamba unachothibitisha. Kwa hiyo makala hii inapendekeza: dhoruba kama neno la jumla, kimbunga pale tu aina yake inapojulikana, tsunami kwa wimbi litokanalo na kusukumwa kwa maji kwa ghafla, kama katika tetemeko chini ya bahari au maporomoko, tufani na gharika ziachiwe fasihi na dini, ambako zina kazi yake. Kwa tabaka lenyewe, shapo la dhoruba linatosha. Kwa mistari inayopanda na kushuka, utabaka wa vichuguu, kwa kuwa kila mtoto wa bara amekwishaona kichuguu. Kwa makombe na kokoto zilizobaki chini, mabaki ya mpepeto, kwa heshima ya wanaopepeta.

Kamusi ya TUKI ya mwaka 1990 iliyohusu biolojia, fizikia na kemia ilionesha kwamba sayansi inaweza kupewa istilahi kwa utaratibu. Jiolojia haimo katika jina la kamusi hiyo. Pengo hilo halitajazwa na orodha peke yake. Istilahi hupimwa inapobeba hoja, na hoja ya dhoruba na tsunami ni kipimo kizuri, kwa sababu neno moja lililochaguliwa vibaya hubadilisha hitimisho.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba usomaji wa dhoruba za kale katika miamba ya Tendaguru husimama juu ya mfuatano wa viashiria, na kwamba dai la dhoruba lina msingi imara kuliko dai la tsunami linaloandamana nalo. Imeonesha pia kwamba ukimya wa tabaka usichukuliwe kuwa utulivu, na kwamba mifupa ya dinosaria isiunganishwe na dhoruba kwa sababu tu imekaa jirani nazo. Kuhusu lugha, imebainisha kuwa tufani, gharika na kimbunga ni maneno mazuri yasiyofaa hapa, na kuwa dhoruba linafaa kwa sababu halidai zaidi ya ushahidi.

Suala hili lina uzito kwa watu walio hai. Mkazi wa Lindi, Mafia au Pangani akiambiwa na wataalamu kwamba bahari yake imewahi kufanya jambo, anastahili kuambiwa kwa lugha anayoweza kuihoji. Anahitaji kujua kama aliloambiwa ni la dhoruba ambayo utabiri wa hali ya hewa huiona siku kadhaa kabla, au la tsunami ambayo humpa saa chache tu. Tofauti hiyo ni ya maisha na mauti, na inaanza kwenye chembe za mchanga.

Kwa swali la jopo, basi, jibu ni hili. Baada ya mvua kubwa, korongo lililo nyuma ya nyumba za Kibaigwa huacha mchanga mkavu: changarawe chini, mchanga laini katikati, tope lililopasuka juu. Hapo hapakupita wimbi la bahari, na alama zake si za bahari. Lakini anayeweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini si za bahari, tayari ameanza kuisoma Tendaguru.